Kisanduku cha Jina la Baba

Kompyuta tatu zililetwa mwaka uleule shirika letu lilipoanza kupunguza watu, na hakuna aliyejifanya haoni uhusiano. Moja ilibaki Musoma, kwenye ofisi yetu ya Kitaji. Ya pili ilikwenda Bunda, pale Manyamanyama, na ya tatu Butiama. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya foleni, miaka ya sabuni ya kugawiwa kwa vipande na kitambaa cha kuombea kibali. Sasa maduka yamejaa mitumba na redio, na wakubwa wamegundua ghafla kwamba watumishi nao ni wengi mno. Mashine zingesaidia kujua nani abaki na nani aende. Tuliambiwa hivyo mkutanoni, na soda tukanywa.

Mimi ndiye niliyepelekwa Dar es Salaam miezi sita kuzisomea. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, sketi mbili za ofisini na mdomo unaokata. Niliporudi watu walianza kuniita "mwalimu" kwa utani, nami nikaupokea utani ule kama cheo. Mtu akisahau kuniita hivyo nilikuwa namjibu nusunusu mpaka akumbuke.

Programu tuliyopewa ilikuwa na hazina yake ya kumbukumbu humohumo ndani. Hapakuwa na mashine kubwa mahali fulani inayotunza majina ya wote. Kila ofisi ilikuwa na rejesta yake ya watumishi, faili moja tu ndani ya kompyuta yake, na programu ndiyo iliyolifungua na kulifunga. Ukitaka kujua jambo unaiandikia swali kwa lugha yake, SQL: nipe walioajiriwa kabla ya mwaka fulani, wapange kwa vijiji. Inakujibu kabla hujameza mate. Kila mwisho wa mwezi Bunda na Butiama walinakili faili zao kwenye diski, wakampa kondakta wa basi, nami nikazipokea stendi ya Musoma na kuziunganisha.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kujibu maswali. Yalikuja kwa simu ya mezani, siku ambazo simu ilikubali, na yaliyobaki yalikuja kwenye vikaratasi pamoja na diski. Kwa nini nimeandika watu kumi na asubuhi hawapo? Kwa sababu hukuthibitisha kabla ya kutoka, mama, mashine haihifadhi usichokithibitisha. Kwa nini inasema mtu huyu yupo tayari? Kwa sababu yupo, ulimwingiza jana ukasahau. Nilikuwa na daftari nililoliandika juu ya jalada "Maswali ya Washamba", na saa nne, chai ikifika, nilimsomea meneja utumishi. Alikuwa mtu mnene mwenye kicheko cha kukohoa. Alipenda niigize sauti.

Nitasimulia la Bunda kwanza, ili mtu asidhani la Butiama lilikuwa bahati mbaya.

Karani wa Bunda alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa Kabasa. Kwa taipureta alikuwa hodari kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na kwa kompyuta alikuwa mwoga kama aliyepewa nyoka ashike. Siku moja akapiga simu analia. "Mwalimu, watu wote wamepotea! Nimefungua, rejesta ni nyeupe, hakuna hata mmoja!" Kabla hajamaliza nilishajua. Programu ile ilikuwa na tabia moja: ukiiwashia kwenye folda nyingine, ambako faili halipo, hailalamiki. Inatengeneza rejesta mpya, tupu, inakaa inakungoja. Watu wake wote walikuwa salama folda ya pili. Ningemwambia toka hapo, rudi kule ulikozoea, washa tena. Nusu dakika. Nikamwambia asiguse kitu chochote, nitakuja keshokutwa.

Siku mbili hizo hakula. Alimwambia mume wake ajiandae, anaweza kufungwa. Nilipofika nilimtoa chumbani, nikafunga mlango, nikakaa humo saa nzima nikisoma gazeti la juzi. Kisha nikafungua rejesta ya zamani na kumwita aje aone. Alipiga magoti sakafuni kunishukuru, na mimi nikamwacha apige. Mchana walininunulia sato mzima wa kukaanga.

Sasa Butiama.

Karani wa kule alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu, mpole, mwenye mwandiko wa kuchora kabisa. Alikuwa amefanya kazi pale tangu ofisi ile ni banda la bati. Karibu watu wote wa stesheni ile aliwapokea yeye. Tulipoanza kujaza rejesta alinipigia simu mara moja tu, wakati mwenzake wa Bunda ananipigia mara tatu kwa siku.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Samahani kukusumbua. Hapa kwenye jina la baba, inakataa kupita. Inapigaga kelele tu."

Mimi ndiye niliyeiwekea sharti kwamba kisanduku kile lazima kijazwe. "Si ujaze jina la baba yako, mzee, upite?"

Nikasikia anafunga mlango upande wake. "Sisi wengine, mwalimu, tumezaliwa nyumba ntobhu. Sasa sisi tunajazaga nini?"

Kila mtu wa Mara anaijua nyumba ntobhu, hata anayejifanya haijui. Mama ambaye hakupata mtoto wa kiume, ili nyumba yake isife, anatoa ng'ombe wake na kuoa msichana. Msichana yule atazaa na mwanamume atakayekubaliwa, lakini watoto si wa mwanamume huyo. Ni wa yule mama aliyetoa ng'ombe. Wanarithi kwake na wanamzika wao. Mzee yule alikuwa mtoto wa kwanza wa nyumba ya namna hiyo, na mama aliyemwoa mama yake alikuwa bado hai, anakaa naye.

"Niandike jina lake yeye?" aliuliza. "Maana kwa kweli, baba ni huyo."

Kisanduku kile kilipokea herufi zozote utakazobonyeza. Kingepokea jina la mama, la ng'ombe, la mlima. Nililijua hilo kama ninavyojua vidole vyangu. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa rasi, kule ziwani, baba yangu mvuvi na mzee wa kanisa, na kwetu mambo hayo tulihubiriwa kuwa ni uchafu wa watu wa nchi kavu. Halafu ilikuwa saa nne kasoro, meneja alikuwa anaingia na kikombe chake, na nilitaka kumchekesha.

"Baba ni mwanamume, mzee," nikasema kwa sauti ya kusikika. "Mashine haitambui mambo yenu hayo."

"Basi niache wazi?"

"Acha wazi. Asiye na baba anaachwa wazi."

Meneja alikohoa kicheko chake chote. Sikuziba mdomo wa simu. Nilitaka asikie, na alisikia. "Sawa, mwalimu," alisema, akakata simu polepole. Siku hiyohiyo nikaondoa lile sharti, nikawapelekea wote diski mpya inayokubali kisanduku kubaki kitupu, na kwenye daftari langu nikaandika swali lake kwa wino mwekundu.

Miezi michache baadaye ikaja amri ya kutoa orodha. Kila mkuu wa stesheni alikuwa amechagua watu anaotaka wabaki, na majina hayo yakaingizwa kwenye jedwali la pili, ndani ya kompyuta ya kila ofisi. Kilichobaki ni mimi kuunganisha jedwali lile na rejesta, ili kila anayebaki atoke na taarifa zake kamili. Atakayetokea kwenye karatasi ana kazi. Asiyetokea ataandikiwa barua. Mkuu wa Butiama alikuwa amemweka karani wake wa kwanza kabisa, maana bila yeye ofisi ile hata mlango usingefunguka.

Namba za watumishi hazikufaa kuunganishia, kila ofisi ilikuwa imeanza kuhesabu na moja. Majina nayo kwetu yanajirudia sana, kila mtoto anabeba la babu au la bibi. Kwa hiyo nikaunganisha kwa jina la mtu pamoja na jina la baba yake. Yakilingana kwenye rejesta na kwenye jedwali la wanaobaki, basi ndiye. Nilijiona nina akili nyingi.

Kisanduku kitupu kwenye hazina za namna ile si sifuri wala si nafasi. Maana yake ni kwamba jambo halijulikani. Ukiiuliza mashine kama kisichojulikana hiki ni sawasawa na kisichojulikana kile, haisemi ndiyo. Haisemi hapana pia. Inampita tu mtu huyo kama vile hajasimama pale, na haikupi onyo lolote. Hilo lilifundishwa Dar es Salaam wiki ya pili ya kozi. Siku hiyo nilikuwa Kariakoo natafuta viatu.

Orodha ikatoka kwenye printa ikilia kama cherehani, meneja akaibandika ubaoni ofisi zote tatu kabla ya kuipeleka makao makuu. Tulipewa siku nne za kutoa malalamiko. Watu walilia, wengine walikuja kwangu na kuku. Niliwaambia wote jibu moja, kwamba kompyuta haina ndugu.

Siku ya tatu mzee wa Butiama akafika. Alikuwa amevaa suti yake ya Kaunda, imepigwa pasi mpaka inang'aa magotini. Hakuja na kuku. Alinisalimia, akakaa kwenye benchi mpaka nilipomwita, kisha akatoa karatasi ya mraba iliyokunjwa mara nne na kuifungua mbele yangu kwa uangalifu.

"Mwalimu, usinielewe vibaya. Sisemi mashine imekosea. Mimi ndo' nilikuwa nauliza vibaya, nikawa najaribu na kujaribu." Aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Alikuwa amenakili maswali aliyoiandikia kompyuta yake, kwa ule mwandiko wake wa kuchora, na chini ya kila swali jibu. "Hapa nimeiuliza, nipe wote ambao jina la baba ni sawa kwenye majedwali yote mawili. Sisi hatutokagi. Nikasema basi labda tunatofautiana. Nikauliza, nipe wote ambao si sawa. Napo hatutokagi. Nikashangaa. Mtu hayupo kwa walio sawa na hayupo kwa wasio sawa, yuko wapi? Nikalala nikiwaza. Jana nikauliza, nipe wote ambao hapo ni patupu." Akageuza karatasi. "Tukatoka. Watu watano. Watatu wa nyumba ntobhu, wawili waliozaliwa bila baba kujulikana. Wote mkuu wetu alisema tubaki."

Hakuna aliyemfundisha. Kitabu nilikuwa nacho mimi, kabatini, na funguo nilitembea nazo. Alikuwa amekaa peke yake Butiama na mashine isiyosema, akaiuliza mpaka ikamwambia kosa langu.

Nilisoma karatasi ile mara mbili. Meneja alikuwa chumba cha pili, mlango uko wazi. Orodha ilikuwa bado ubaoni, siku moja imebaki. Kuirekebisha kulikuwa ni kuongeza mstari mmoja kwenye swali langu na kuchapa upya, kazi ya robo saa pamoja na kubadilisha karatasi ya printa. Na ningelazimika kusema kwa nini. Nafasi ya mtu wa kompyuta ilikuwa moja tu, na meneja alishasema kuna kijana wa mkubwa fulani aliyemaliza chuo anaitaka. Niliogopa. Zaidi ya kuogopa, nilikasirika, maana mshamba wa kwenye daftari langu alikuwa ameielewa mashine kuliko mimi.

"Nani alikuruhusu kuandika maswali kwenye rejesta?" nikamwuliza.

"Mwalimu?"

"Umeichezea mashine ya shirika. Ungeharibu kumbukumbu za watu wote. Unajua hilo ni kosa la kukupeleka mahakamani?"

Nilimwona anavyojikunja. Mtu wa umri wa baba yangu. "Samahani, mwalimu," alisema. "Sikujua. Nilidhani kuuliza tu hakuharibugi."

Kuuliza tu hakuharibu kitu, alikuwa sahihi. Nikaikunja karatasi yake, nikaiweka kwenye droo na kumwambia nitaishughulikia, asimwambie mtu yeyote, kwa faida yake mwenyewe. Alinishukuru. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Kesho yake jioni meneja akatia saini, orodha ikapanda basi. Wiki ya pili barua zikatoka, na ya kwake niliichapa mimi, kwa sababu barua zote nilizichapa mimi.

Alipoipokea hakupiga simu. Nilisubiri apige na nilikuwa nimeandaa cha kumjibu. Mkuu wake alipiga, amechanganyikiwa, akisema jamani huyu nilimchagua wa kwanza. Nikamwambia angalia kama ulijaza vizuri. Akatafuta kosa upande wake kwa siku kadhaa, kisha akachoka.

Mwezi uliofuata makao makuu wakataka kijitabu cha maswali na majibu kwa makarani wa mikoa mingine. Nilikiandika kwa siku tatu. Swali la kwanza lilikuwa: kwa nini baadhi ya watu hawatokei nikiunganisha majedwali? Nilitoa ile karatasi kwenye droo, nikayapanga majibu yake vilevile alivyoyapanga yeye, walio sawa, wasio sawa, kisha walio tupu, maana sikuweza kulieleza vizuri zaidi ya pale. Kijitabu kilisifiwa. Walinipandisha cheo kwa kijitabu kile. Karatasi nikaichana vipande na kuvitupa chooni.

Kisha siku moja asubuhi bibi mmoja akaingia ofisini bila kubisha. Alikuwa mzee sana, mkavu, anatembelea fimbo, ameshika kikapu kidogo mkono wa pili. Dirishani nilimwona mzee wa Butiama amesimama ng'ambo ya barabara. Yeye hakutaka kuingia.

"Huyu ambaye anaandikaga watu kwa mashine ni nani?" bibi aliuliza.

"Ni mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu." Alikaa bila kuambiwa. Kiswahili chake kilikuwa kinatoka kwa shida, kipande kipande. "Mtoto wangu ameniambia kazi imeisha. Sawa. Kazi inaishaga. Sikuja kwa kazi. Nimekuja kwa sababu ameniambia mashine imesema yeye hana baba."

Nikaanza kupanga karatasi za mezani.

"Baba yake ni mimi," alisema. "Ng'ombe nilitoa mimi. Mama yake nilimuoa mimi, watu wote waliona, na padri pia aliona akanuna. Jina nilimpa mimi. Sasa andika."

"Bibi, orodha imeshafungwa. Haitasaidia kitu."

"Sijakuomba usaidie. Nimekuomba uandike."

Meneja alikuwa amesimama mlangoni, kikombe mkononi, ananikonyeza nimtoe haraka. Wiki ile tulikuwa kwenye mgao, umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, feni imelala juu yetu, na kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi tii. Ningemwambia hivyo. Ningemwambia arudi jioni. Ningeandika jina lake kwa kalamu kwenye karatasi, niliingize umeme ukirudi, na rejesta ingelipokea, kama ambavyo ingelipokea tangu siku ya kwanza. Lakini nilitaka aondoke.

Nikavuta kibodi karibu. "Jina lako nani, bibi?"

Akanitajia, majina matatu, polepole, kila moja akisubiri nilimalize. Nilibonyeza herufi moja moja kwenye mashine iliyokufa. Vitufe vililia vizuri. Alikuwa ameinua shingo anatazama vidole vyangu, midomo yake inakwenda pamoja nami. Meneja alilazimika kurudi chumbani kwake kwa kucheka.

"Imeingia?"

"Imeingia, bibi."

"Haitatoka?"

"Haitatoka."

Akafumba macho kidogo, nadhani aliomba. Kisha akasogeza kile kikapu mezani. Zilikuwa karanga za kukaanga, mpya, bado zina vumbi la chumvi. Alinishika kichwa kwa kiganja chake, akanibariki kwa lugha yake, akatoka.

Nikasogea dirishani. Alivuka barabara huku anaongea tangu mbali, anapunga fimbo, na mwanawe akainama kumsikiliza. Alipomaliza, mzee akainua uso akaitazama ofisi yetu. Aliiona feni isiyozunguka. Aliona taa zimezimwa, na jenereta ya duka la jirani ilikuwa inanguruma masikioni mwake. Alikuwa mtu anayeijua mashine ile. Alinitazama, nami nikamtazama, sijui muda gani. Halafu akamgeukia yule bibi, akatabasamu, akamwambia kitu, na bibi akacheka kwa sauti, akapiga makofi mara moja kwa furaha. Hata uongo wangu alinimalizia yeye. Akamshika mkono wakaenda stendi.

Karanga tulizila palepale, mimi na meneja, na chai ya saa nne. Zilikuwa tamu, na mimi ndiye niliyekung'uta kikapu.